Picha Iliyotazamwa na Likoni Nzima

Nilimwona babangu akililia picha ya Kihindi ambayo haijawahi kutengenezwa.

Si Bombay, si Madras, si popote.

Nina hakika, kwa sababu jina la picha hiyo nililibuni mimi mwenyewe, nimesimama juu ya feri, mfuko wa viazi mkononi.

Kabla mwezi haujaandama, nusu ya wanaume wa Likoni walikuwa wameshaiona. Wengine waliiona mara mbili.

Ukitaka kunicheka, nicheke. Lakini ngoja kwanza nimalize, maana uongo ule ulikaribia kumchukua dada yangu.

Ulikuwa mwaka wa 1961. Nilikuwa nimerudi kutoka Makerere na shahada yangu, nikapata kazi ya kufundisha huku huku Likoni, nikawa nakaa kwetu Timbwani. Watu walikuwa wakibishana juu ya Mwambao, tujitenge au tuungane na bara. Mimi sikubishana. Niliamini kwamba Uhuru ukija, watu wataamka asubuhi wakiwa wakweli.

Babangu, Mzee Hamdun, alikuwa na duka la nguo na viungo. Mbele ya duka palikuwa na baraza ya mawe, na kila alasiri wanaume wa mtaa walikaa hapo kunywa kahawa na kuirekebisha dunia.

Mfalme wa baraza hiyo aliitwa Jamaludin.

Jamaludin alikuwa ndiye bwana wa picha za Kihindi. Aliandika ukurasa wa sinema katika gazeti moja la kila wiki, gazeti ambalo kesho yake lilikuwa likifungiwa bizari dukani kwetu. Picha mpya ikikaribia kuingia mjini, yeye aliihakiki kabla ya mtu yeyote kuiona. Alivaa miwani myeusi ambayo hakuivua hata ndani ya duka, kwenye giza, akawa anapapasa kiti kama kipofu.

Picha alizipima kwa vitambaa vya kufutia machozi.

Kitambaa kimoja, usijisumbue kuvuka kwa feri kwenda mjini. Vitambaa viwili, mpeleke mamako. Vitambaa vitatu, piga foleni mapema.

Na uhakiki wenyewe? Nikupe mmoja, utakuwa umesoma yote.

"Picha hii ni moto wa kuotea mbali. Stelingi amecheza. Adui amekiona cha mtema kuni. Nyimbo zake zitakukosesha usingizi. Vitambaa vitatu."

Stelingi amecheza. Kwani mchezaji mkuu ulitaka alale?

Huyo ndiye aliyekuwa mhakiki wetu. Watu walimwamkia kabla ya imamu.

Lakini kwa mdomo, mtu yule alikuwa na kipaji. Alipoanza kusimulia, bao liliachwa katikati ya mchezo. Alijua kushusha sauti. Alijua kunyamaza mahali ambapo msikilizaji anakaribia kukata roho. Na hakuna mtu barazani aliyethubutu kusema, "Hiyo sijaiona." Huo ndio ugonjwa wetu. Kwetu, kukiri kwamba hujaiona picha mpya ni sawa na kukiri kwamba kwenu hakujapikwa. Afadhali ufe.

Mimi nilimheshimu mpaka Ijumaa moja.

Nilivuka kwenda kuitazama picha ambayo alikuwa ameshaahidi kuihudhuria siku ile ya kwanza. Nikamwona mlangoni pa sinema. Akasimama mbele ya kioo cha matangazo, akazitazama picha zilizobandikwa, akitikisa kichwa kama daktari. Akanunua kile kijitabu cha nyimbo. Vijitabu vile huwa na kisa kwa Kiingereza, lakini kisa hukatwa katikati: je, ilikuwaje? Ingia ujionee.

Jamaludin hakuingia. Alijipepea kwa kijitabu, akageuka, akashika njia ya kurudi feri.

Siku ya pili yuko barazani.

"Alipoanguka pale kwenye ngazi," akasema, mkono kifuani, "wallahi niliyafumba macho yangu."

Katika picha ile hakuna ngazi. Nyumba yenyewe ni ya makuti.

Nikamtazama Mwidani, jirani yetu mwenye shamba la minazi, ambaye najua siku ile alikuwa juu ya mnazi.

"Ile ngazi," Mwidani akasema, "hata mimi ilinitisha."

Niliinuka nikaondoka. Si kwa hasira tu. Niliamini, na bado naamini, kwamba mtu anayewaambia watu ukweli juu ya kitu kidogo kama picha, atawaambia ukweli juu ya serikali. Na mtu anayewadanganya juu ya ngazi, hana mpaka.

Ningeyaacha, lakini wiki hiyo hiyo Jamaludin alituma posa.

Alimposa Hafswa, dada yangu wa pekee.

Baba alifurahi kama aliyeposwa yeye. "Mtu wa magazeti," alirudia. "Yuwajulikana hadi Lamu." Jibu likawekwa Ijumaa inayofuata. Na mila yetu mnaijua: mwalimu wa chuoni, anayesomesha Kurani, atakuja, atakaa upande huu wa pazia, mwari upande ule, atamuuliza kama ameridhika. Mwari haya humfunga mdomo. Kimya chake ndiyo ridhaa yake.

Kwa maneno mengine, Hafswa hakutakiwa kufanya lolote. Kunyamaza tu.

Nikamwendea chumbani. Chumba chake kilikuwa kando ya duka, dirisha lake likiangalia baraza, na pazia halikufunguliwa hata siku moja. Alikuwa akidarizi kofia.

"Hafswa, huyu mtu haoni picha. Nimemwona kwa macho yangu akigeuka mlangoni."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kaka, mimi na Mama huenda onyesho la wanawake. Ile picha ya mama aliyeuza bangili zake, Jamaludin alisema mwisho mama anakufa. Hafi. Anafungua tanuri la mikate."

"Na Ijumaa bado utanyamaza?"

Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Wewe ulikuwa Kampala. Hujui nyumba hii ilivyo kimya. Baba akiingia ni tasbihi. Mama akimaliza kupika ni kulala. Kila alasiri mtu hukaa chini ya dirisha langu akaongea kama kwamba dunia ni kubwa. Ni mwongo, sawa. Kijitabu kinampa nusu, nusu anaitia mwenyewe. Lakini nyumba ya mwongo wa namna hiyo haitakuwa na kimya."

"Utaolewa na sauti?"

"Wenzangu wameolewa na maduka."

Makerere hawakunifundisha jibu la neno hilo.

Nikaondoka nimekasirika. Nikajiambia, huyu mtu lazima avuliwe nguo hadharani. Baba akiona kwa macho yake kwamba Jamaludin ni mwongo, posa itakufa yenyewe.

Jumamosi nilikwenda sokoni mjini. Nikiwa ndani ya feri narudi, nikakumbuka maneno mawili niliyofundishwa na rafiki yangu Mhindi pale Makerere. Tala, kufuli. Titli, kipepeo. Nikayaunganisha kwa aur, yaani "na".

Alasiri nikakaa barazani, nikaweka viazi chini.

"Jamaludin, leo nimeona bango mjini. Picha mpya. Tala aur Titli."

Hakuchelewa hata kidogo.

"Mwalimu, wewe ndiyo kwanza unaona bango," akasema. "Mimi nimeshaalikwa. Kuna onyesho la faragha Jumanne. Waandishi peke yetu."

"Ni nzuri?"

"Nitasemaje na sijaiona?" Akawageukia wazee. "Mimi si mtu wa kusema nisichokiona."

Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima.

"Tala ndiyo nini?" Mwidani akauliza.

"Kufuli. Na titli ni kipepeo," akasema Jamaludin, maana Kihindi cha nyimbo alikijua. "Hebu fikiri, yakhe. Kufuli na kipepeo. Jina peke yake limeshanila moyo."

Boga, aliyekuwa kuli bandarini, akaweka kikombe chini. "Yale mabati yenye filamu ya picha hiyo nimeyashusha mimi melini," akasema. "Mazito."

Niliokota viazi vyangu, nikaingia ndani.

Jumatano alasiri baraza ilijaa. Baba aliiacha mizani na pilipili juu yake, akatoka. Nyuma ya dirisha la Hafswa pazia lilitikisika kidogo.

Jamaludin akakohoa. Hakuwa na kijitabu mkononi. Hakuwa na picha ya kioo cha matangazo. Hakuwa na mchezaji hata mmoja wa kumwegemea. Nikasema leo, leo utakwama.

Hakukwama.

"Kuna binti," akaanza, polepole. "Babake ana duka. Binti amesoma kidogo. Hucheka dirishani, mpaka wapita njia wakageuza shingo. Ndiye kipepeo."

"Ndiye kipepeo," Mwidani akaitikia.

"Akaolewa na mtu mkubwa. Mwandishi. Mtu ambaye akisema, mji mzima hunyamaza. Huyo ndiye stelingi. Siku moja wageni wamekaa, stelingi anasimulia jambo. Yule binti akaingilia. Akasema, bwana, haikuwa hivyo."

"Mbele ya wageni?" Baba akauliza.

"Mbele ya wageni."

"Astaghafirullah."

"Stelingi hakumpiga. Hakupandisha sauti. Alimpenda mno. Alimshika mkono, akamwingiza chumbani, akafunga kwa kufuli. Kufuli la fedha. Akakaa nje ya mlango, akalia. Hapo ndipo penye wimbo. Analia na kuimba, ewe mke wangu, kwa nini umenilazimisha."

Boga alishapangusa jicho moja.

"Ndani, binti naye kaimba. Kaimba kutwa, kaimba kucha, afunguliwe. Mpaka siku moja akafungua mdomo, sauti haitoki. Imekatika. Kawa bubu. Stelingi akasikia kimya. Akafungua mlango. Binti akaja kwa magoti, akaweka paji la uso juu ya viatu vyake."

Akanyamaza. Alijua kunyamaza, mtu yule.

"Na sauti ilirudi?" Baba akauliza.

"Haikurudi, Mzee Hamdun. Lakini macho yake yalishukuru. Wageni wakaja tena, binti akawamiminia chai, stelingi akasimulia. Tangu siku hiyo nyumba ile ikawa na amani."

Baba alilia. Babangu, ambaye alimzika kakake bila chozi. Alijipangusa kwa ncha ya kanzu.

"Maskini bwana yule," akasema. "Maskini."

Mimi nilikuwa nikihesabu uongo moyoni, nimefurahi kama mvuvi aliyeona kamba imekaza. Kisa chenyewe sikukisikiliza. Kilikuwa upuuzi wa kawaida, machozi na viatu.

Alhamisi asubuhi gazeti likatoka. Tala aur Titli: vitambaa vinne. Havijawahi kutolewa vinne tangu dunia iumbwe.

Nikavuka mjini. Kwenye dirisha la tiketi la sinema moja, wanaume walikuwa wanasukumana, wanataka Tala aur Titli. Mwenye sinema, mtu wa biashara, hakuuliza picha hiyo ni ya nani wala inatoka wapi. Aliandika karatasi akaibandika mlangoni: INAKUJA.

Nilisimama pale nikaisoma mpaka mtu akaniomba nafasi naye asome.

Sasa basi, nikasema, imetosha.

Alasiri nikasimama mbele ya baraza. Jamaludin alikuwa amekaa katikati, Baba kuume kwake, Mwidani na Boga wamebanana kushoto.

"Wazee wangu, shikamooni. Nina neno."

"Marahaba. Sema, mwalimu," Mwidani akasema.

"Tala aur Titli haiko. Hakuna picha hiyo. Jina nililibuni mimi, Jumamosi, ndani ya feri. Nilitaka mjue kwamba mtu huyu huzihakiki picha bila kuziona. Amewahadaa miaka yote."

Nikangoja dunia ibadilike.

"Umelibuni wewe," Jamaludin akasema, taratibu, kama anayemhurumia mgonjwa.

"Ndiyo."

"Na mimi nimeiona Jumanne. Sasa mimi niliona nini?"

"Hukuona kitu."

"Kijana amesoma," akawaambia wazee. "Lakini kusoma kwingi nako kunachosha. Wengine hurudi hivi."

"Mimi binamu yangu ameiona Tanga," akasema Mwidani. "Kufuli la fedha. Alinieleza vile vile."

"Na mabati?" Boga akaniuliza, kwa uchungu wa kweli. "Mabati niliyobeba mgongoni mimi, yalikuwa na nini, maandazi?"

Nikamgeukia Baba. "Baba. Mimi ni mwanao. Wallahi picha hiyo haiko."

Baba alisimama. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Mimi nimelia," akasema. "Mbele ya watu, na mvi zangu hizi. Wewe wataka kunambia nimelilia hewa?"

Hapo nikafahamu kwamba nimeshindwa. Sikuwa nashindana na Jamaludin. Nilikuwa nashindana na machozi ya babangu, na binamu wa Mwidani, na mgongo wa Boga. Kila mmoja alikuwa ameweka rehani kitu chake katika uongo ule. Kundi zima la wanaume wazima, ndevu na kanzu safi, wakilinda picha isiyokuwako kama wanalinda msikiti.

"Ingia ndani, Obeid," Baba akasema. "Umenitia aibu."

Nikaingia. Hafswa alikuwa amesimama nyuma ya pazia, kofia mkononi, sindano inaning'inia.

"Ni kweli haiko?" akauliza.

"Wallahi."

"Hakuna hata kijitabu?"

"Hakuna kijitabu, hakuna bango, hakuna wimbo. Hakuna kitu."

"Kwa hiyo hata nusu hakupewa."

"Hata robo."

Akakaa kitandani. Akaichomeka sindano kwenye kofia, hakuivuta. Nikadhani anamwonea huruma mchumba wake, nikaondoka nimevunjika moyo.

Ijumaa baada ya sala walikuja. Mwalimu wa chuoni alikaa karibu na pazia. Jamaludin alikaa na ami zake, amejipaka uturi mpaka nzi wakakimbia. Baba aliniweka nyuma kabisa, karibu na viatu.

"Hafswa binti Hamdun," mwalimu akaita.

"Abee."

"Umeposwa na Jamaludin, naye yuko hapa na wazee wake. Umeridhika?"

Kimya.

Baba akatabasamu.

"Umeridhika, mwanangu?"

Kimya. Nikamsikia mamangu akivuta pumzi upande wa pili. Mwalimu akawageukia wazee, akainua viganja. "Alhamdulillahi," akaanza, "kimya cha mwari ni..."

"Sijanyamaza, mwalimu," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Nilikuwa nikifikiri."

Viganja vya mwalimu vikabaki hewani.

"Mwalimu, nina sharti moja dogo. Si dhahabu, wala sitaki mahari izidi. Nimesikia sifa za Tala aur Titli. Baba ameisifu, Mzee Mwidani ameisifu, na bwana Jamaludin ameipa vitambaa vinne. Nataka kuiona, onyesho la wanawake, na Mama. Siku nitakayotoka kuiona, siku hiyo nimeridhika."

Baba akapumua, akacheka. "Hilo tu? Hilo jambo dogo."

"Mwezi ujao inakuja," mmoja wa ami zake Jamaludin akasema. "Karatasi nimeiona mlangoni kwa mato yangu."

"Hata mimi nimesikia ina mafunzo," akasema mwalimu wa chuoni.

Wote wakamtazama Jamaludin, wamefurahi.

Jamaludin aliivua miwani yake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona macho yake. Yalikuwa madogo, na yalikuwa yananitafuta mimi.

Angesema nini? Aseme haiko?

"Inshallah," akasema. Sauti haikutoka vizuri.

Jioni nilimfuata Hafswa uani. Alikuwa anachambua mchele.

"Umenishinda," nikamwambia. "Lakini sielewi. Wiki iliyopita ulikuwa unajua ni mwongo na ukamtaka."

"Nilijua ni mwongo. Sikujua ni mtu gani."

"Si umemsikia miaka yote?"

"Nilikuwa nasikia kijitabu, kaka. Nusu yake, nusu ya Wahindi. Huwezi kujua ipi ni ipi. Juzi hakupewa kitu. Aliambiwa kipepeo, akaachiwa dunia nzima apeleke kipepeo anapotaka." Akatupa punje ya jiwe. "Angeweza kumpeleka popote. Alimtafutia kufuli. Halafu akamkata sauti, halafu akampa kazi ya kumimina chai. Na akasema hiyo ndiyo amani."

Nikachuchumaa karibu na ungo wake.

"Wewe ulikuwa unasikiliza uongo," akasema. "Mimi nilikuwa nasikiliza mtu."

Picha haikuja, bila shaka.

Mwezi wa kwanza Jamaludin alisema meli imeipitisha Karachi. Mwezi wa pili akasema mabati yameingia maji, na Boga akathibitisha kwamba aliyaona yakivuja. Kisha serikali imeizuia. Kisha mchezaji amefungua kesi. Karatasi ya INAKUJA iligeuka rangi ya chai, ikaning'inia kwa kona moja. Ami zake Jamaludin wakachoka kungoja, wakamtafutia mke Malindi. Nilisikia ni binti mpole, asiyesema sana. Nilimwombea dua, na bado namwombea.

Hafswa je? Sasa ni yeye anayesimulia. Kila baada ya onyesho la wanawake, wale wasioweza kuvuka, mwenye mtoto mchanga, mwenye mume mkali, hukusanyika uani kwetu. Mwanarehema, mke wa Mwidani, hukaa mbele kabisa na karanga zake. Ikiwa picha ni mbaya, Hafswa huwaambia ni mbaya, na kwa nini. Mtu akimuuliza picha ambayo hajaitazama, hujibu neno moja ambalo sijawahi kulisikia barazani.

"Sijaiona."

Na Baba?

Kwa muda mrefu hatukuitaja picha ile. Uhuru ukaja, bendera ikapandishwa, watu wakaamka asubuhi wakiwa vile vile. Siku moja baada ya hapo nilikuwa namsaidia kufunga duka. Baraza ilikuwa tupu. Alikuwa anakunja kitambaa, anakikunjua, anakikunja tena.

"Obeid."

"Naam, Baba."

"Ile picha. Haikuwako, eti?"

"Haikuwako."

Akakiweka kitambaa juu ya rafu, akakitazama.

"Siku ile nililia," akasema. "Nimekuwa nikijiuliza, nilimlilia nani. Yule binti aliyefungiwa, au mumewe."

Nikafunga dirisha la mwisho.

"Nilimlilia mume," akasema Baba. "Na binti yangu yuko dirishani, anisikia."

Akazima taa, akafunga mlango wa duka, tukaingia nyumbani.

Ndugu zangu, mnaosoma hadi hapa, mimi sina la kuwahubiria ila hili. Msimulizi aliyeona atakwambia yaliyotokea. Asiyeona atakwambia ambayo angeyatenda yeye, lau angeachiwa. Na ukilia, tazama vizuri unamlilia nani.